Habu Isiyojua Kupumzika

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi ni wazima. Mama yako, ambaye alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako, ni mzima pia, na ushahidi ni kwamba bado hajapatana na fundi cherehani wa jirani kuhusu jogoo wake. Mke wangu anakusalimu na anasema umekonda. Sijui amelionaje hilo kwenye barua, lakini nimeagizwa niliandike, nami nimeliandika. Barua yako ya Januari ilifika. Ilikuwa nzuri, ila sentensi ya pili ilianza na watu wawili ikamalizika na mmoja, na hukueleza wa pili alipotelea wapi.

Sasa nije kwenye shabaha.

Unaijua baiskeli yangu. Tangu nilipostaafu ukaguzi wa shule naipanda kila asubuhi kwenda kwa wapiga chapa, ambako nalisoma gazeti lao kabla halijatoka na kuwaonyesha aibu zao wenyewe zikiwa bado zinafichika. Mwezi uliopita nilikuwa narudi, nateremka mlima wa hospitali, na baiskeli haikusimama langoni. Iliendelea. Ililipita lango letu, ikalipita la mama yako, ikasimama kwa msaada wa ua wa fundi cherehani. Sikuumia. Ua uliumia. Sababu ni mpira wa breki, ambao siku hizi unatengenezwa bila uangalifu.

Mkaza mjomba wako ameifungia baiskeli stoo kwa kufuli. Nilipomweleza kuhusu mpira alinijibu, “Mume wangu, mimi sikuolewa ili nizeeke nikichungulia barabarani.” Baada ya majadiliano amenipa hadi tarehe 31 Julai. Siku hiyo nitateremka mlima ule mbele ya macho yake. Nikisimama langoni, ufunguo ni wangu. Nikipitiliza, baiskeli inakwenda kwa shemeji yangu mwenye mkahawa, ambaye anataka kuitundika ukutani na kupanda maua kwenye keria ili wateja wapige picha. Nami nitakuwa napelekwa kazini kwa gari lake. Unamjua shemeji yangu. Huanza kuzungumza kabla hajawasha injini.

Uliwahi kunisimulia habari za baiskeli ambayo mtu huisimamisha kwa miguu. Nataka yangu iwe hivyo. Lakini nataka na gia, kwa kuwa mlima ninaoteremka jioni ndio ninaoupanda asubuhi, na nina umri wa miaka sabini na mmoja. Nijibu upesi na kwa sentensi kamili.

Mjomba wako

*

17 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumai barua hii inawakuta salama wote, pamoja na jogoo. Mwambie mkaza mjomba sijakonda, ni yeye tu anataka kunipikia. Mimi sijambo. Bado niko kwenye kile chumba juu ya duka la rangi, na kila nikirudi kazini nakuta harufu imebadilika: juzi nilikuwa naishi ndani ya kijani, wiki hii naona tumehamia nyeupe. Huyo mtu wa pili kwenye sentensi yangu alikuwa mimi. Nilichoka nikamwacha akalale.

Mjomba, ulilouliza limenifanya nicheke kwa sauti hadi bosi wangu, tunayemwita Mzee Spana, akazima redio kuuliza kuna nini. Nikamwambia mjomba wangu wa miaka sabini na mmoja anataka habu isiyo na friwili. Akasema, “Huyo mzee hana mtu wa kumkataza?” Nikamwambia anaye, tena ndiye chanzo.

Basi sikiliza. Habu ya kawaida, hicho kitovu cha gurudumu, ina friwili. Ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea na miguu yako inapumzika. Hii haina. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, utake usitake. Ukitaka kupunguza mwendo unazigomea pedali kwa miguu, polepole, mpaka baiskeli ikuelewe. Hapa karakana tunaiita Mama Mkwe, kwa sababu haikubali ukae bure.

Za namna hiyo zenye gia ndani ni chache sana. Meno yote yamefichwa tumboni mwa habu, gia tatu, na waya mwembamba unaingilia pembeni mwa ekseli kuzibadilisha. Hazitengenezwi tena. Lakini najua ilipo moja.

Naomba vitu viwili. Hesabu spoku za gurudumu lako la nyuma. Kisha pima nafasi iliyo kati ya ncha mbili za foki ya nyuma, pale gurudumu linapokaa, kwa milimita.

Halafu maswali mawili madogo ya kifundi. La kwanza: breki zote mbili zilikataa siku moja? La pili: mashine yako ya kuchapa inaumwa? Zamani ulikuwa unaniandikia kwa kalamu, maandishi yamelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Sasa umechapa, na herufi za upande wa kushoto zimekolea vizuri, lakini k, m, n na zote za upande wa kulia zimefifia kama zimeandikwa na mtu mwingine mwenye njaa.

Ni mimi mpwa wako

*

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumefurahi kusikia u mzima. Mama yako ameisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa fundi cherehani kupitia dirishani, kwa hiyo naona uhusiano unaanza kurekebika. Ua nimeujenga upya mwenyewe. Yeye anasema umepinda. Nimempelekea rula.

Majibu ni haya. Spoku ni arobaini. Nimezihesabu mara tatu, mara moja kinyumenyume. Nafasi ya foki ni milimita mia moja na kumi na mbili na nusu. Ili nipime ilinibidi niombe ufunguo wa stoo, na mkaza mjomba wako alisimama mlangoni muda wote amekunja mikono, akasema, “Pima, lakini usiipande.” Nikamwuliza nitaipandaje ndani ya stoo yenye ngazi na magunia. Akasema, “Wewe nakujua.”

Kuhusu breki: ya nyuma niliiondoa miaka mingi iliyopita kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Imebaki ya mbele, ya mkono wa kulia. Imenitosha muda wote huo.

Mashine ya kuchapa ni nzima.

Shemeji alikuja jana na utepe wa kupimia. Hakuja kutusalimu, alikuja kuipima baiskeli. Amechora kwenye karatasi mahali itakapokaa ukutani, kati ya kioo na ratiba ya chai. Ameniuliza napenda maua ya rangi gani. Akajijibu mwenyewe kwa nusu saa.

Hiyo habu uliyosema unajua ilipo, ni ya nani? Sitaki kitu cha kuazima.

Mjomba wako

*

2 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, na gurudumu nalo lilitaka siku zake. Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Nimegundua kwamba daraja la waenda kwa miguu karibu na kituo lina ngazi sitini na nne za kupanda na sitini na mbili za kushuka. Sijui hizo mbili zinakwenda wapi. Labda wewe mkaguzi unaweza kuwaandikia.

Gurudumu lako lina spoku arobaini na habu hii ina matundu thelathini na sita, kwa hiyo haviwezi kuoana. Nimekutumia gurudumu zima, na rimu yake, na limenyooka. Nimelizungusha mbele ya Mzee Spana akakosa la kusema, na hilo kwake ni sifa. Limepanda lori la mizigo jana. Dereva ameniapia hatalikalia.

Foki yako ni nyembamba. Inatakiwa mia na ishirini. Usiilazimishe kwa goti! Mtafute fundi wa milango ya chuma, aipanue kidogo kidogo kwa nondo yenye nyuzi kama za skrubu na nati mbili, nusu huku na nusu huku, mpaka gurudumu liingie bila kusukumwa. Ukifunga, cheni isilegee. Ikibonyezwa katikati ichezecheze nusu ya kidole, isizidi. Nati za ekseli zikaze kama vile una ugomvi nazo.

Nimeweka wenzo wa gia. Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali patupu ambapo pedali hazishiki kitu kabisa. Ukijikuta hapo ukiwa mteremkoni huna tena miguu. Kwa hiyo nimeuzuia wenzo kwa ribiti ili usifike gia ya tatu. Ya kwanza kwa mlima, ya pili kwa tambarare. Badilisha kabla ya kuteremka, si katikati.

Kwenye mfuko wa kitambaa kuna breki mpya ya mbele yenye waya. Wenzo wake ni wa kufunga mkono wa kushoto. Ule wa gia nao ni wa kushoto, unakaa kwenye bomba la fremu.

Ukiwa juu ya baiskeli kumbuka jambo moja tu: usiache kukanyaga. Kamwe. Ukiacha wewe, yeye haachi.

Nawapenda wote.

Mpwa wako fundi

*

26 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Gurudumu limefika salama. Dereva alilikabidhi akisema, “Mzee, huyu binti yenu ana maneno makali.” Nikamwambia amerithi.

Fundi wa milango alifanya kama ulivyoagiza. Ni mtu mnene asiyesema, nami nilifurahi, kwa kuwa shemeji alikuwapo na alisema kwa niaba yetu wote. Nati mbili, robo mzunguko, pima. Robo mzunguko, pima. Ilichukua asubuhi nzima. Kila nilipopima alitikisa kichwa, na mwishoni aliniambia neno lake la pekee: “Mzee, kwenye milango huwa hatupimi hivi.” Sasa ni mia na ishirini kamili. Gurudumu liliingia lenyewe. Cheni inachezacheza nusu ya kidole. Kwa kuwa hukusema kidole cha nani, nimetumia cha mkaza mjomba wako, aliyekitoa bila hiari.

Umenitumia wenzo wa breki wa mkono wa kushoto. Sikuuagiza. Nimeufunga.

Sasa nina swali langu la ukaguzi. Mtu mwenye baiskeli hana sababu ya kujua idadi ya ngazi za daraja la waenda kwa miguu. Wewe unazijua za kupanda na za kushuka. Tena gurudumu ulilosema lilitaka siku zake lina meno yaliyong'aa kwa kusuguliwa na cheni ya muda mrefu, na rimu ina mkwaruzo ninaoukumbuka tangu ulipokuja kwetu na baiskeli yako ukagonga ngazi ya baraza. Nasubiri maelezo.

Kesho nitaijaribu barabara ya nyuma ya nyumba, ambako ni tambarare. Mkaza mjomba wako ameruhusu, kwa sharti kwamba asione.

Mjomba wako

*

24 Juni

Shikamoo Mjomba,

Ulisema kesho. Kesho hiyo imepita karibu mwezi mzima na sijapata hata mstari. Ungekuwa wewe ndiye unangoja barua yangu ungeshanipa sifuri. Mama naye nimemwandikia akanijibu “mjomba wako yupo,” basi, nukta. Mama hajawahi kuandika barua ya maneno matatu tangu nimfahamu. Kwa hiyo najua kuna kitu.

Sitaandika lolote kuhusu ngazi mpaka uniambie kilichotokea.

Mpwa wako

*

2 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Hakuna la kukutia wasiwasi. Sote ni wazima. Mvua imekuwa ya wastani. Gazeti limepata mhariri mpya ambaye anaamini alama ya mshangao ni mapambo, na kwa sababu mimi ninafika huko kwa gari la shemeji, nafika nimechoka kuvumilia na sina nguvu ya kumpinga.

Jaribio lilifanyika. Baiskeli ilikwenda vizuri sana, na kwa kuzigomea pedali nilipunguza mwendo bila shida yoyote. Kushuka kwangu kulikuwa na hitilafu ndogo. Nimeahirisha mazoezi kwa muda.

Mjomba wako

(Kwa kalamu, chini ya ukurasa:)

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Usimsikilize. Unajua anavyoshuka kwenye baiskeli, kama wanaume wote wa rika lake: anasimama kwa mguu wa kushoto juu ya pedali, mguu wa kulia anaupitisha nyuma, anateleza hivyo wima kama bwana harusi mpaka baiskeli isimame yenyewe. Basi alikuja uani akafanya vilevile, na mimi niko dirishani kwa sababu hakuna sharti linalonizuia kuwa dirishani kwangu. Pedali haikusimama ikamngoja. Ilipanda juu naye. Mwanangu, ilimrusha! Alitua kwenye karai kubwa nililoloweka mapazia. Ameumia kiwiko kidogo na heshima sana. Alikaa mle ndani ya maji akaniambia, “Usiseme neno.” Sijasema. Naandika.

Lakini nikwambie kweli, sikucheka. Niliogopa. Ndugu yangu wa mkahawa ameshatoboa matundu ukutani kwake. Tarehe ni ileile, sibadilishi, na safari hii natamani ashindwe ili nilale vizuri. Usimwambie nimesema hivyo.

*

10 Julai

Shikamoo Mjomba. Shikamoo na wewe mkaza mjomba, kwa kuwa najua utaisoma.

Kwanza pole. Pili, kosa ni langu. Nilikueleza nati, cheni, ribiti, kila kitu, nikasahau kukueleza namna ya kushuka, kwa sababu hapa hakuna anayeshuka hivyo. Sisi tunasimama ndiyo tunashuka. Nilipomsimulia Mzee Spana alikaa chini akashika kichwa. Akasema, “Na mimi nashuka vilevile! Ungeniua!” Tangu siku hiyo anaipita meza yangu kwa mbali.

Sasa fanya hivi. Usiinuke kwenye kiti hata kidogo mpaka baiskeli isimame kabisa. Zigomee pedali, bonyeza breki ya kushoto pole pole mwishoni, weka mguu wa kushoto chini, ndipo ushuke. Ukitaka kuanza, inua gurudumu la nyuma kwa kushika kiti na uzungushe pedali mpaka ya kulia iwe juu. Fanya mazoezi penye ukuta wa kushika. Mara kumi kila siku. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika herufi moja mara mia, kwa hiyo usinung'unike.

Tatu. Gurudumu ni langu. Nililitoa kwenye baiskeli yangu. Sikukwambia kwa sababu ungelikataa. Hizo ngazi nazipanda kwa hiari yangu, na Mzee Spana amesema nikiendelea hivi nitakuwa na miguu ya askari. Umeuliza, nimejibu.

Nne, na hapa Mjomba nakuomba usikasirike. Mkono wako wa kulia haushiki. Nilijua tangu barua ya kwanza. Mashine ya kuchapa haichoki upande mmoja. Mtu aliyeandika kwa kalamu maisha yake yote haachi bila sababu. Mpira wa breki haukuwa na kosa lolote, ni vidole ndivyo vilivyokataa kubonyeza, nawe ulikuwa na breki moja tu na iko upande huo. Ndiyo maana nilituma ya kushoto. Nilifikiri nikituma bila kusema utajua najua, nawe ukafunga bila kusema. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka mwaka kesho.

Lakini mkaza mjomba anaogopa kitu asichokijua. Anadhani ni uzee tu umekupanda kichwani, hutaki kusikia. Mwambie. Ukimwambia baada ya kushindwa, itaonekana kisingizio. Ukimwambia kabla, atakuzuia. Kwa hiyo sijui umwambie lini. Mimi ni fundi wa magurudumu, hayo mengine siyawezi. Lakini mwambie. Na nenda kwa daktari, tafadhali, Mjomba.

Nimebadili nia: barua hii nimeipitisha kwa mama ili akupe mkononi, na mkaza mjomba asiisome kwanza. Kwa hiyo ile shikamoo ya pili utamfikishia ukishaona inafaa.

Mpwa wako akupendaye

*

1 Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Mama yako alinikabidhi barua yako ndani ya kikapu cha vitunguu, kama mpelelezi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilikasirika kwa siku mbili, na siku ya tatu nikakosa sababu.

Ni kweli. Tangu Januari vidole vitatu vya mkono wa kulia vinasikia amri lakini vinatii nusu. Kikombe vinashika. Breki haviwezi. Kalamu vinaivuta vinakotaka vyenyewe, na mimi sikuwa tayari kukupelekea mwandiko ambao ningemrudishia mwanafunzi. Hayo ndiyo maelezo yangu, sina mengine.

Nilifanya mazoezi uani mara kumi kila siku, nikishika ukuta wa stoo. Karai la mapazia lilihamishwa bila mimi kuomba. Siku ya nane nilipunguza mwendo, nikasimama, nikashuka, na hakuna kilichonirusha.

Jana ilikuwa siku yenyewe. Saa kumi za alasiri mkaza mjomba wako alisimama langoni. Mama yako alileta kiti. Fundi cherehani alisimama mbele ya ua wake amenyoosha mikono, kana kwamba angeweza kuuzuia usigongwe. Shemeji alikuja na gari, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na ndoano mbili na miche ya maua. Nilisukuma baiskeli hadi juu ya mlima peke yangu. Nikaweka gia ya kwanza. Nikapanda.

Nataka ujue ilivyo, kwa maana wewe ni kijana na hujateremka mlima huo ukiwa na sababu ya kuuogopa. Kwa miaka yote niliyouteremka nilikuwa mzigo. Baiskeli ilikwenda, nami nilikuwa juu yake. Jana kila mzunguko wa gurudumu ulipita magotini mwangu na nikaukubali au nikaukataa. Mbele ya hospitali niliukataa kidogo. Kwenye kona niliukataa sana, na mapaja yakalalamika. Mbele ya lango niligoma kwa miguu yote miwili na kubonyeza breki ya kushoto, na baiskeli ikasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa limeingia kivulini mwa nguzo ya lango. Halikuivuka.

Shemeji alifunga mlango wa gari, miche ikiwa bado ndani.

Mkaza mjomba wako akasema, “Haya, umesimama. Shuka.”

Nikasema, “Siwezi.”

“Kwa nini huwezi?”

“Kaptura imenasa kwenye ncha ya kiti. Nikiinuka, nitaiacha.”

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka. Hakucheka kwa adabu. Alicheka mpaka akalishika lango, akaliachia, akakaa chini barabarani na vazi lake safi. Mama yako akacheka kwa kuwa yeye anacheka. Fundi cherehani alikuja na mkasi wake kuninasua, akasema, “Mzee, angalau leo umenihitaji kwa kazi yangu, si kwa ua wangu.” Mimi nilibaki pale juu kama tangazo.

Tulipoingia ndani nilimwambia. Nilisema yote, vidole, breki, ua, Januari. Nilisema kwamba nilijikaza na kwamba mkono unaanza kupata nafuu, kwa mfano sasa naweza kufunga vifungo vya shati peke yangu, jambo lililonishinda mwezi wa Februari.

Aliondoka akarudi na shati langu la kijivu. Akanionyesha matundu ya vifungo. Yamepanuliwa, kila moja, na kushonwa upya pembeni kwa uzi wa rangi ileile, kazi safi kabisa. Amefanya hivyo kwa mashati yangu yote tisa.

“Tangu lini?” nikamwuliza.

“Tangu wiki uliyoanza kuvaa fulana kila siku na kusema ni joto.”

“Na hukusema?”

“Wewe ulisema?”

Nilimwuliza kwa nini basi alinifungia baiskeli, ikiwa alijua. Akasema alijua mkono, hakujua kama mimi najua. Mtu asiyejua kwamba hawezi kusimama, alisema, huwezi kumpa ufunguo. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na nafasi yeye alikwisha kuniwekea kabla ya mimi kufungua mdomo.

Gurudumu langu la zamani liko kwenye lori, lenye spoku arobaini na friwili yake. Foki yako ni pana kuliko habu yangu, kwa hiyo utajaza washa, vile vipete vya chuma, kila upande. Hilo unalijua kuliko mimi. Silirudishi la kwako, kwa sababu wewe mwenyewe umesema lilikuwa lako, na mtu hurudisha cha kuazima, si alichopewa na mtoto wa dada yake. Panda baiskeli yako. Waachie wengine hizo ngazi, pamoja na zile mbili zilizopotea.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa nakuandikia barua hii nikiwa bado nimevaa kandambili. Mkaza mjomba wako alipita na ndoo, akauliza kama ile breki ya kushoto inashika. Nikasema inashika. Akaweka ufunguo wa stoo juu ya mashine, katikati ya herufi, hivi kwamba sikuweza kuendelea kuchapa mpaka niuondoe.

“Basi nenda kazini,” akasema. “Unachelewa.”

Mjomba wako